Charles Godfrey Leland (1824–1903): Mtafiti wa Lugha Zilizodharauliwa na Mwalimu wa Uchongaji wa Mbao

1.0 Utangulizi

Wataalamu wa lugha wa karne ya 19 wanaotajwa mara kwa mara katika mihadhara yetu ni wale walioandika sarufi za lugha kubwa au walioweka misingi ya isimu linganishi. Charles Godfrey Leland, Mmarekani wa Philadelphia, hayumo katika orodha hiyo. Wakati wa uhai wake alijulikana sana Marekani na Uingereza kama mtunzi wa mashairi ya kuchekesha. Baada ya kufa kwake jina lake limebaki miongoni mwa makundi matatu ambayo aghalabu hayasomi maandishi ya wenzao: wachunguzi wa lugha za siri na lugha za mchanganyiko, wataalamu wa fasihi simulizi na imani za jadi, na watu wanaojifunza kuchonga mbao kama uraibu, yaani kazi ya kujiburudisha wakati wa mapumziko.

Makala haya yanaeleza maisha ya Leland kwa kuyatazama makundi hayo matatu kwa pamoja, huku mkazo ukiwekwa katika uchongaji. Kwa kawaida wasomi wa lugha wanaomtaja huuacha uchongaji kando, kana kwamba ulikuwa mchezo wa mzee aliyechoka na vitabu. Tutajaribu kuonyesha kwamba sivyo. Mtazamo uliompeleka kujifunza Kiromani kwa mzee asiyejua kusoma ndio uliompeleka kuamini kwamba mtoto yeyote wa shule anaweza kutia nakshi kwenye ubao. Aidha, tutadai kwamba kazi yake ya ufundi imedumu vizuri zaidi kuliko sehemu kubwa ya kazi yake ya lugha na masimulizi, na kwamba sababu ya tofauti hiyo ina funzo kwa kila mtafiti anayekusanya data uwandani.

2.0 Malezi na Elimu

Leland alizaliwa Philadelphia tarehe 15 Agosti 1824. Baba yake alikuwa mfanyabiashara mwenye uwezo wa kumsomesha mtoto hadi ng'ambo. Katika kumbukumbu za maisha yake, zilizochapishwa 1893, Leland anasimulia kisa alichoambiwa kuhusu utoto wake. Yaya mmoja mzee wa Kidachi alimchukua angali mchanga hadi chumba cha juu kabisa cha nyumba, akamwekea Biblia, ufunguo na kisu kifuani, na kando ya kichwa chake akaweka mishumaa, fedha na chumvi, ili mtoto apande cheo maishani, awe msomi na mtu wa mambo ya siri. Kisa hicho hakiwezi kuthibitishwa, wala hatuhitaji kukithibitisha. Umuhimu wake ni kwamba Leland mwenyewe alikipenda na akakifanya mwanzo wa hadithi ya maisha yake. Ni dalili ya mapema ya tabia itakayoonekana tena: alivutwa na kisa kizuri.

Nyumbani alisikia hadithi za Kiairishi kutoka kwa watumishi wa kike waliohamia Marekani, na jikoni alisikia habari za uganga kutoka kwa watumishi wenye asili ya Kiafrika. Kwa muda alikuwa mwanafunzi wa Amos Bronson Alcott, mwalimu aliyejulikana kwa kutaka watoto wafikiri na kuzungumza badala ya kukariri. Ni vigumu kupima athari ya Alcott juu ya mtoto aliyekuwa tayari msomaji mkubwa, lakini miaka 50 baadaye Leland naye alikuja kuwa mpinzani wa elimu ya kukariri.

Mwaka 1845 alihitimu katika chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Princeton, kisha akaenda Ulaya. Alisoma Heidelberg, Munich na Paris. Alikuwa Paris mnamo Februari 1848 yalipozuka mapinduzi yaliyomwondoa Mfalme Louis Philippe, na alishiriki pamoja na wanafunzi wenzake kwenye vizuizi vya barabarani. Mwaka huohuo alirudi Philadelphia. Alisomea sheria na kupata idhini ya kufanya kazi hiyo, lakini hakuipenda, akaiacha na kuingia uandishi wa habari.

3.0 Umaarufu wa Breitmann

Kwa takriban miaka 20 Leland aliishi kwa kalamu. Alifanya kazi katika magazeti na majarida ya New York, Philadelphia na Boston, alitafsiri maandishi ya Heinrich Heine kutoka Kijerumani, na wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani aliandika kuunga mkono ukombozi wa watumwa. Mwaka 1863, majeshi ya Kusini yalipoingia Pennsylvania, alijiunga na kikosi cha dharura cha kuilinda.

Jambo lililompatia jina ni shairi fupi la kuchekesha alilochapisha 1857. Msemaji wake ni Hans Breitmann, mhamiaji wa Kijerumani anayezungumza Kiingereza kilichochanganyika na Kijerumani katika matamshi, msamiati na muundo. Leland hakulipa uzito. Hata hivyo wasomaji walilipenda, wakaomba mengine, na mkusanyo wa mashairi hayo ulichapishwa mara nyingi Marekani na Uingereza kuanzia mwisho wa miaka ya 1860.

Kwa mwanaisimu, Breitmann ni ushahidi wa kutumiwa kwa tahadhari. Lugha yake si rekodi ya usemi wa mhamiaji fulani. Ni lugha iliyotungwa na mtu aliyekuwa na sikio kali na nia ya kuchekesha. Tatizo hilo ni kubwa zaidi katika kitabu chake cha 1876 cha mashairi na hadithi katika pijini ya Kiingereza ya pwani za China. Leland hakuwahi kuishi China. Sehemu kubwa ya kitabu aliitunga mwenyewe, na msomaji wa leo hawezi kutenganisha kwa urahisi umbo lililosikika kweli na umbo alilolibuni. Pamoja na hayo, uamuzi wa kuziona lugha za mchanganyiko kuwa na wasikilizaji, kanuni na ladha yake haukuwa wa kawaida wakati huo. Wasomi wengi waliziona kuwa ni Kiingereza kilichoharibika, hukumu ambayo sisi tuliosoma mijadala kuhusu Sheng tunaifahamu vyema.

4.0 London: Lugha na Kazi za Mikono

Mwaka 1869 Leland alihamia Ulaya pamoja na mkewe Isabel, ambaye alikuwa amemwoa mwaka 1856. Makazi yao kwa karibu miaka 10 iliyofuata yalikuwa hasa London. Ni katika kipindi hiki ndipo pande mbili za maisha yake tunazozichunguza zilipojitokeza kwa pamoja.

Upande wa kwanza ni lugha ya Waroma, watu wenye asili ya Bara Hindi waliotawanyika Ulaya, ambao Waingereza waliwapa jina lililotokana na dhana potofu kwamba walitoka Misri. Leland hakujifunza Kiromani vitabuni. Alikwenda kwa wenyewe, kwenye kambi zao, kwenye minada ya farasi na kando ya barabara, akakaa nao kwa saa nyingi na kuandika maneno yao. Kitabu chake juu ya Waroma wa Uingereza na lugha yao kilitoka 1873. Mwaka 1875, akishirikiana na Edward Henry Palmer, mtaalamu wa Kiarabu wa Chuo Kikuu cha Cambridge, na mshairi Janet Tuckey, alitoa mkusanyo wa nyimbo. Kile alichokinukuu hasa kilikuwa usemi ambao leo huitwa Kiromani cha Kiingereza: msamiati wa Kiromani uliopachikwa katika sarufi ya Kiingereza. Kiromani chenye mnyambuliko kamili kilikuwa kinaelekea kutoweka Uingereza, na maelezo yake ya kina yalikuja baadaye, mwaka 1926, John Sampson alipochapisha kazi yake juu ya lahaja ya Wales.

Upande wa pili ni kazi za mikono. Leland hakuwa seremala wala hakupitia uanagenzi katika karakana. Alikuwa mtu wa vitabu aliyependa nakshi za kale alizoziona katika makanisa, nyumba na makumbusho ya Ulaya. Badala ya kuishia kuzitazama, alijifunza kuzitengeneza: kuchonga mbao, kufua shaba kwa nyundo hadi picha ijitokeze, na kutia nakshi ngozini. Kufikia 1880 alikuwa na ujuzi wa kutosha kuchapisha kitabu juu ya kile alichokiita sanaa ndogo, kikiwa na maelekezo ya kupaka rangi vyombo vya kaure, kuchonga, kufinyanga na kazi ya vigae. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 55. Kwa hiyo tunamzungumzia mtu aliyeingia katika ufundi utu uzimani, kwa hiari, bila kutegemea ufundi huo kwa riziki.

Jina hilo la sanaa ndogo linahitaji maelezo. Katika taasisi za sanaa za Ulaya uchoraji wa picha na uchongaji wa sanamu za mawe uliwekwa juu, na nakshi za kabati, milango na vyombo ziliwekwa chini, kazi ya fundi asiye na jina. Mgawanyo huo unafanana na ule uliokuwapo katika lugha: juu Kigiriki, Kilatini na Kisanskriti, na chini usemi wa wahunzi wa barabarani, wahamiaji na mabaharia. Leland alitumia maisha yake katika tabaka la chini la migawanyo yote miwili. Aliamini kwamba humo mna maarifa ambayo wenye vitabu hawajayaona.

5.0 Shule ya Philadelphia

Leland alirudi Philadelphia karibu na mwanzo wa 1880 akiwa na pendekezo kwa wenye mamlaka ya elimu wa mji huo. Alitaka watoto wa shule za umma wafundishwe sanaa za mapambo pamoja na masomo yao ya kawaida. Mwaka 1881 shule ya sanaa za kazi ilifunguliwa chini ya uongozi wake. Watoto walitoka shule mbalimbali za mji na kufundishwa kuchora nakshi, kuchonga mbao, kufua shaba, kufinyanga, kutarizi na kufanya kazi ya ngozi. Mpwa wake Elizabeth Robins, ambaye baadaye alijulikana kama mwandishi kwa jina la Elizabeth Robins Pennell, alisaidia kazi hiyo. Ndiye aliyeandika wasifu wake uliotoka 1906.

Nadharia ya shule hiyo ilikuwa na nguzo tatu. Kwanza, mchoro ulitangulia chombo. Mtoto hakupewa patasi kabla hajajifunza kuchora mstari uliopinda kwa mkono mwepesi, kuugeuza kuwa mzunguko kama wa konokono, na kuutoa humo jani na ua. Alichochonga kilikuwa nakshi yake mwenyewe, wala si nakala ya kazi ya mwalimu. Pili, sanaa zote zilihesabiwa kuwa moja. Aliyejua kubuni nakshi aliweza kuihamisha kutoka ubaoni hadi kwenye shaba, ngozi au kitambaa. Tatu, lengo halikuwa kumfanya mtoto seremala. Leland alidai kwamba mtoto anayefunzwa kutumia macho na mikono hukua katika umakini na kumbukumbu, na kwamba mafanikio hayo huonekana katika masomo mengine pia.

Nguzo hiyo ya tatu ndiyo iliyomtofautisha na wengine. Nchini Finland mafunzo ya kazi za mikono yalikuwa yameingizwa katika shule za umma tangu miaka ya 1860 kwa juhudi za Uno Cygnaeus, na nchini Sweden Otto Salomon alikuwa akiwafunza walimu huko Nääs. Katika mfumo wao wa Skandinavia mtoto alitengeneza vitu vya matumizi ya nyumbani, kimoja baada ya kingine, kwa vipimo sahihi. Leland aliheshimu mfumo huo lakini aliona kwamba ulichelewesha ubunifu. Kwake pambo halikuwa ziada inayoongezwa baada ya kitu kukamilika. Ndilo lililomfanya mtoto atake kufanya kazi. Wapinzani wangeweza kumjibu, na kwa haki, kwamba kiti kilichopambwa vizuri lakini kisichosimama hakimfai mtu. Suala la kipi kitangulie, umahiri wa muundo au furaha ya kubuni, halijamalizwa na walimu wa ufundi, wala na sisi tunaofundisha utunzi wa insha.

Habari za shule hiyo zilienea haraka. Mwaka 1882 idara ya elimu ya serikali kuu mjini Washington ilichapisha waraka wa Leland juu ya sanaa za kazi shuleni. Mwaka huohuo Oscar Wilde, aliyekuwa akizunguka Marekani kutoa mihadhara, aliitembelea shule na kuisifu hadharani. Baada ya Leland kuondoka mwaka 1884, kazi iliendelezwa na J. Liberty Tadd, ambaye alipata sifa yake mwenyewe kwa kuwafunza watoto kuchora kwa mikono yote miwili.

Uingereza nako kulikuwa na mavuno. Eglantyne Louisa Jebb wa Shropshire, mama wa yule Eglantyne Jebb aliyeshiriki kuanzisha Save the Children mwaka 1919, alikuwa ameanzisha madarasa ya ufundi kwa watu wa vijijini akivutwa na maandishi ya Leland. Mwaka 1884 juhudi hizo zilikuwa chama cha kitaifa, Home Arts and Industries Association. Wenye ujuzi walijitolea kufundisha jioni, na wakulima, vibarua na vijana walijifunza kuchonga na kufua shaba baada ya kazi za mchana. Maonyesho ya kazi zao yalifanyika katika ukumbi wa Royal Albert Hall jijini London. Baadhi ya madarasa yaliyotokana na vuguvugu hilo yalidumu. Shule ya Keswick, iliyoanza 1884 kwa uchongaji na ufuaji wa shaba, ilifungwa 1984, miaka 100 baadaye.

6.0 Mwongozo wa 1890: Jinsi Mtu Anavyoanza

Mwaka 1890 Leland alichapisha mwongozo wa uchongaji wa mbao. Ulikusudiwa kwa mtu anayejifunza mwenyewe nyumbani na kwa mwalimu wa darasa dogo. Matoleo yake yalipitiwa na John J. Holtzapffel, wa ukoo wa London uliojulikana kwa kutengeneza mashine za kukerezea na vyombo vya ufundi. Ni kazi inayostahili kusomwa na kila anayeshughulika na mbinu za ufundishaji, hata kama hana nia ya kushika patasi.

Somo la kwanza halina ukataji. Mwanafunzi anachora nakshi juu ya ubao laini, anafuatisha mistari yake kwa chombo butu ili ididimie, kisha anaipigapiga sehemu ya nyuma ya nakshi kwa chapa ya chuma na nyundo. Sehemu iliyopigwa huwa na madoadoa na kufifia, na nakshi hujitokeza. Mwanafunzi anaondoka na kitu kilichokamilika siku ya kwanza, na bila kuambiwa amejifunza jambo kubwa kuliko yote katika sanaa hii: nakshi na mandhari yake hutegemeana.

Somo la pili ni la bobari, yaani patasi yenye makali yaliyopinda. Mwanafunzi anakata mifereji, kwanza iliyonyooka na kisha iliyopinda. Mkono mmoja unasukuma mpini na vidole vya mwingine vinaongoza na kuzuia chuma. Hapa ndipo anapokutana na nyuzi za mti. Akikata kwa kufuata mwelekeo wake, chuma huteleza na kuacha njia safi. Akikata dhidi yake, ubao hupasuka. Baadaye anajifunza kuondoa mbao ya nyuma ili nakshi ibaki juu, kisha kuviringisha jani ili lisiwe bapa. Leland alisisitiza kwamba mwanafunzi azoeze pia mkono wa kushoto, kwa kuwa mchongaji mwenye mkono mmoja hulazimika kuugeuza ubao kila mara au kukata dhidi ya nyuzi. Vilevile alisisitiza kunoa. Sehemu kubwa ya kazi mbovu ya wanaoanza hutokana na chuma butu, wala si na mikono isiyo na kipaji.

Mpangilio huo wa masomo ni wa mtu aliyewahi kujifunza lugha nyingi kwa kusikiliza. Anaanza na jambo dogo lililo kamili, kama salamu, kabla ya kufika kwenye kanuni. Kila somo lina jambo moja jipya. Kosa halichukuliwi kuwa aibu, kwa sababu ubao wenyewe unalionyesha na kueleza chanzo chake. Zaidi ya yote, mwongozo hauna dhana ya kipaji cha kuzaliwa. Leland alishikilia kwamba ustadi ni zao la nia na mazoezi ya mara kwa mara, na kwamba mtu mzima mwenye kazi nyingine anaweza kufikia kiwango cha kuridhisha. Hapo ndipo uraibu ulipopata heshima. Hakuuona kuwa ufundi nusu. Aliuona kuwa njia ya watu wengi kushiriki katika sanaa ambayo viwanda vilikuwa vikiwanyang'anya.

7.0 Shelta, Masimulizi na Udhaifu wa Mbinu

Katika miaka hiyohiyo ya ualimu Leland hakuacha utafiti wa lugha. Akiwa Uingereza katika miaka ya 1870 alisikia kwa wasafiri wa barabarani usemi ambao haukuwa Kiromani. Baada ya kurudi Philadelphia alipata maneno zaidi kutoka kwa mfua bati wa Kiairishi. Usemi huo ni Shelta, na Leland ndiye aliyeutangaza kwa wasomi, hasa katika kitabu chake cha 1882. Huo ni mchango usio na shaka. Lakini alikwenda mbali zaidi ya data yake, akadhani kwamba amegundua lugha ya kale ya Kikelti iliyojificha kwa karne nyingi. Sampson na Kuno Meyer walipoichunguza, walionyesha kwamba sehemu kubwa ya msamiati wake ni maneno ya Kiairishi yaliyogeuzwa kwa makusudi ili wasiohusika wasielewe: *doras*, yaani mlango, limekuwa *rodus*, na *mac*, yaani mwana, limekuwa *kam*. Msomaji aliyecheza kinyume utotoni, akaita kitabu *bukita*, atautambua mtindo huo mara moja.

Majira ya joto ya mwanzoni mwa miaka ya 1880 alikuwa kisiwani Campobello, New Brunswick, ambako alikusanya ngano za Wapassamaquoddy na majirani zao. Mmoja wa waliomsimulia alikuwa Tomah Joseph, fundi mashuhuri wa kutia nakshi kwenye maganda ya mti wa birch. Alikuwa msimulizi na fundi kwa wakati mmoja, na katika kitabu cha ngano hizo cha 1884 mna michoro ya aina hiyo ya maganda. Hapa pande mbili za Leland zilikutana: fundi wa nakshi alikuwa pia hazina ya fasihi. Hata hivyo hapa pia aliongeza yake. Alishikilia kwamba ngano hizo zilitokana na masimulizi ya Wanoshi wa kale, dai lisilokubalika leo, na uchunguzi wa Thomas Parkhill uliochapishwa 1997 umeonyesha kwamba aliziunganisha na kuzibadili baadhi ya matini alizozipokea.

Hali ni hiyohiyo katika kazi zake za mwisho. Mwaka 1888 alichaguliwa kuwa rais wa kwanza wa Gypsy Lore Society, na mwaka 1889 na 1890, pamoja na Albert Barrère, alitoa kamusi ya misimu yenye juzuu mbili, ambamo pijini na lugha ya wafua bati viliingizwa bila kuonewa haya. Kisha akakaa Florence, Italia, akaandika juu ya uchawi wa Tuscany. *Aradia*, kitabu chake cha 1899, kimekuwa na athari kubwa katika dini mpya za kipagani za karne ya 20, lakini wasomi hawajakubaliana ni kiasi gani cha matini yake kilitoka kwa wananchi wa Tuscany na kiasi gani kilitoka kwingineko. Isabel alifariki 1902. Leland alimfuata tarehe 20 Machi 1903 mjini Florence, akiwa na umri wa miaka 78.

8.0 Hitimisho

Tukiyatazama maisha haya kwa ujumla tunaona mtu mmoja na mbinu moja yenye matokeo mawili tofauti. Katika lugha na katika ufundi Leland aliwaendea wenye ujuzi usioandikwa, akajifunza kwa kushiriki, akaharakisha kuwagawia wengine. Katika uchongaji mbinu hiyo ilimfaa. Kila alipokosea, ubao ulipasuka mbele ya macho yake, akalazimika kusahihisha kabla ya kuendelea, na alichokuja kuwafundisha wengine kilikuwa kimekwisha kupimwa kwa njia hiyo. Maelekezo yake juu ya nyuzi, makali na mpangilio wa masomo yanaweza kufuatwa leo bila kumpotosha mtu.

Katika lugha na masimulizi hapakuwa na ubao wa kupasuka. Mzee aliyemsimulia hakusoma kitabu kilichochapishwa London au Boston, wala hakupata nafasi ya kusema kwamba ngano yake imegeuzwa. Nadharia nzuri ilipita bila kipingamizi hadi walipokuja watafiti wengine, mara nyingine baada ya miaka 10, mara nyingine baada ya miaka 100. Si haki kumlaumu Leland peke yake, kwa kuwa viwango vya ukusanyaji wa data vya wakati wake havikuwa hivi vya sasa, na bila yeye baadhi ya data isingekuwapo kabisa. Lakini kasoro yake bado inatuhusu. Mtafiti anayerudi kutoka uwandani na kanda na madaftari hupata utulivu uleule alioupata Leland: data haimjibu. Ni wajibu wake kutafuta kinachoweza kumjibu, na namna iliyo wazi zaidi ni kuirudisha matini kwa waliomsimulia, wakaisikiliza na kuikosoa kabla haijachapishwa.

Kuhusu uchongaji wenyewe, mchango wa Leland ulikuwa kuutoa katika mikono ya wachache bila kuushusha hadhi. Wasomi waliomwona kama mtu aliyetawanya nguvu zake walikuwa na sababu, kwa maana angeweza kuwa mwanaisimu makini zaidi kama angekaa na lugha moja. Pamoja na hayo, watoto wa Philadelphia na vibarua wa vijiji vya Uingereza walioshika bobari kwa mara ya kwanza kutokana na maandishi yake wanastahili kuhesabiwa katika tathmini ya maisha yake, sawa na kamusi na mikusanyo ya ngano.